Msamaha Nilioukataa kwa Adabu

Makebuko, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu mpendwa Gaspari,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali uko ng'ambo ya ukuta huu, nami nakusikia ukikunja nguo. Mtu mwingine angeinuka, akabisha hodi, akasema aliyo nayo. Lakini unanijua. Tukiwa uso kwa uso ninakuwa na adabu nyingi mno: nitakuuliza kama chai ina sukari ya kutosha, nawe utajibu inatosha, Baba, na tutaagana tukiwa tumeheshimiana sana na hatujasema neno. Walimu wangu wa shule ya misheni walinifundisha kwamba jambo zito huandikwa kwanza, ndipo lisemwe. Mimi nimeishia kwenye kuandika. Kusema kumenishinda mara nyingi, na hayo ndiyo nitakayokueleza.

Sitakuandikia habari za chandarua wala sweta. Giteranyi unaijua kuliko mimi: joto lake, visima vyake, vijia vyake vya baiskeli. Umri wako umepita thelathini, na mtu wa umri huo akiugua malaria haitakuwa kwa kukosa barua ya baba yake.

Ninaandika kwa sababu ya neno ulilolisema juzi ukizungumza kwa simu na mjomba wako wa Gasorwe. Niwie radhi tena. Sikukusudia kusikiliza, nilikuwa barazani nachambua maharage. Ulimwambia, "Mjomba, usimwambie mtu. Nitaona nikifika Muyinga." Mjomba wako anauza vipuri vya baiskeli, na najua amekuahidi nafasi dukani. Nikaelewa. Gari la kutoka Gitega litakufikisha Muyinga mjini, na hapo njia zinaachana. Moja inakwenda Giteranyi, ambako kanisa limekuita urudi kwenye huduma uliyoikimbia. Nyingine inakwenda Gasorwe, ambako hakuna anayekujua isipokuwa mjomba wako, naye si mtu wa kuuliza maswali. Kesho jioni utakuwa katika mojawapo ya sehemu hizo. Sikuandikii ili nikuchagulie. Nakuandikia kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kufika kwenye njia panda ya namna hiyo, nikashika njia isiyo yangu, na watu wakanisifu.

Tuanze na lililokupata, maana katika nyumba hii tumelizunguka kama watu wanaozunguka shimo uani, kila mtu akijifanya ameliruka kwa bahati.

Ulikuwa mwinjilisti wa Giteranyi. Mama Furaha, yule mfanyabiashara wa vitenge aliyekimbia kutoka Kivu ya Kusini na wanawe, alisali kanisani kwako na kuimba kwaya, nawe ulikula mezani pake mara nyingi. Siku ya soko mtu akaibiwa mzigo, na umati ukamgeukia yeye kwa kuwa ni mgeni. Wakakuona unapita. Wakakuuliza kama mwanamke huyu ni mtu wako. Ukajibu, "Wanaokuja kusali ni wengi, siwajui wote." Ukaendelea na safari. Walivitupa vitenge vyake kwenye tope, wakamsukuma, akaanguka akavunjika mkono. Mwizi alipatikana siku ileile, naye alikuwa mwenyeji. Wewe ulikuwa umekwisha kuondoka, na ulipofika hapa Makebuko hukuweza kuinua macho kumtazama hata mbuzi wetu.

Unajua vizuri ni nani mwingine aliyeulizwa swali la namna hiyo, akiota moto, akamkana Bwana wake. Umelihubiri hilo mwenyewe, na nimeambiwa ulilihubiri vizuri, kwa hiyo sitakuletea mistari. Wala sitalipunguza uzito. Ulipofika nilikuambia, "Kila mtu angeogopa, mwanangu." Ilikuwa kweli, na haikukusaidia kitu. Mtu aliyevunja chungu hahitaji kuambiwa kwamba vyungu huvunjika.

Sasa niseme yangu. Nusu yake unaijua, maana kijiji kizima hapa kilimani kinaijua.

Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania nilimkuta jirani yetu Zakaria analima hadi chini ya migomba ya marehemu babu yako. Hakuwa mnyang'anyi. Sisi tulikimbia, yeye akabaki, na ardhi haikai bure ikimngoja mtu. Wazee wa kilima walikaa kutusikiliza. Kati yetu palikuwa na ua wa minyaa, na swali lilikuwa moja tu: ni nani aliyeupanda pale? Nilitembea mbele ya wazee kutoka mwanzo wa ua hadi mwisho wake, nikaapa kwamba nilimwona babu yako akiupanda kwa mikono yake. Nilivaa koti. Niliongea taratibu, kama mtu anayesoma somo kanisani. Wakaniamini, kwa sababu watu hudhani anayeongea hivyo hawezi kusema uongo. Kumbe siku tulipokimbia nilikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Sikumwona mtu yeyote akipanda kitu chochote. Zakaria akapoteza kipande kizuri cha bondeni, pale anapolima kabichi sasa.

Baadaye dhamiri ilinielemea, nikasimama kanisani nikasema. Ua uling'olewa ukapandwa kwenye mpaka wa kweli. Mnyaa ni mti wa ajabu: unaukata, unauchomeka popote, nao unashika kana kwamba hapakutokea lolote, utomvu wake tu ndio uliotukumbusha, ulivyotuchoma macho siku ile mimi na wewe. Nilivuliwa uzee wa kanisa kwa kipindi. Kipindi kilipokwisha, mchungaji alinishika mkono mbele ya kusanyiko, kisha Zakaria akatoka mahali alipoketi, akaja naye akanishika mkono, watu wakaimba. Hapo ndipo unapodhani habari iliishia. Kosa ninalotaka kukueleza linaanzia hapo.

Nilirudi kuketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, niliinamisha kichwa ikapita. Mchungaji aliponitaka nirudi kuwa mzee wa kanisa, nilikataa kwa maneno mazuri kiasi kwamba alinishukuru kwa kumkatalia. Watu wakaanza kusema, "Mtazameni mzee yule, toba yake ni ya kweli." Wageni wakija, walionyeshwa mimi. Na mama yako akawa anaketi mbele, kwenye benchi tulilozoea kuketi pamoja, akiwa na nafasi yangu tupu ubavuni pake.

Jumapili moja tulikuwa tunapanda mlima kurudi nyumbani, akasema:

"Baba Gaspari, naona pale nyuma unastarehe."

"Starehe gani, mke wangu? Ninaona aibu."

"Aibu gani hiyo inayovaa koti na kufika mapema? Watu wanakutazama wewe kuliko wanavyomtazama mchungaji."

Nilinyamaza kwa heshima. Alikwisha kuzoea kunyamaza kwangu. Aliwahi kuwaambia wenzake wa kwaya kwamba kuolewa nami ni kama kuolewa na kabati la vyombo: linafungwa vizuri, lakini ukitaka kikombe, ufunguo hauonekani.

Kisha Zakaria akaja. Hili hulijui, maana wakati huo ulikuwa shuleni Gitega mjini. Alileta kibuyu cha mutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu yasiyochacha, kwa kuwa alijua sinywi pombe. Akanywa yeye kwanza, kama desturi, akanipa. Binti yake mkubwa, Domitila, alikuwa ameposwa, na siku ya mahari ilikuwa imekaribia. Unajua kwamba kwetu siku hiyo baba wa binti hasemi neno. Anaketi kimya, na mtu mmoja anachaguliwa awe kinywa cha nyumba yake, ajibizane na msemaji wa upande wa pili kwa methali na mizaha, huku koo mbili zikisikiliza kila neno na kuliweka akibani.

"Nataka we usemee nyumba yangu," Zakaria alisema.

Nilicheka kwa woga. "Mimi? Mzee Zakaria, wewe ndiye unayejua kinywa hiki kilikufanyia nini."

"Njo maana nakitaka. Kilima yote ilikisikia siku ile. Sasa wakisikie tena."

Mwanangu, sikumpa jibu, nilimpa hotuba. Nilimwambia kwamba sistahili. Nilimwambia kwamba heshima ya nyumba kama yake haiwezi kuwekwa katika kinywa kilichochafuka. Nilimshukuru mara nyingi, nikamsindikiza hadi barabarani, kofia mkononi. Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa. Nilihisi nimefanya jambo la Kikristo.

Kazi akapewa binamu yake, mtu mwema ambaye siku hiyo alianza kunywa mapema. Alisimama, akawasifu wakwe kwa ufasaha wote, kisha akawashukuru kwa jina la ukoo mwingine, ule uliokuja kumposa Domitila hapo nyuma ukakataliwa. Upande wa bwana harusi walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Ndoa ilifungwa, ndiyo, lakini Zakaria alimaliza sherehe ya mwanawe wa kwanza akiwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi.

Alikuja kwangu kesho yake, bila kibuyu. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Mi nilikusamehe," alisema. "Mbele ya watu nilikusamehe. Sasa we unakasirika kwa niaba ya nani?"

"Zakaria, ndugu yangu, mimi sistahili..."

"Yoo! Achana na sistahili yako! Nani amekutuma? Mwenye shamba ni mi. Mwenye kuumia ni mi. Mi nimesema imekwisha. We ni nani useme haijaisha?" Akanyoosha kidole bondeni. "Ua ilinichukulia shamba, na shamba ikarudi. Sherehe ya mtoto wangu itarudi?"

Akaondoka zake, na safari hii sikumsindikiza hadi barabarani.

Gaspari, kosa la kwanza nililitenda kwa tamaa, na tamaa mtu huiona haraka, hata iliyo ndani yake mwenyewe. La pili nililitenda kwa unyenyekevu, nao ulikuwa umevaa koti safi, nikaufungulia mlango kila siku. Nilikuwa nimewaambia watu wote, bila kutumia maneno, kwamba dhambi yangu ni kubwa kuliko rehema ya Zakaria, na kuliko ya Bwana wetu pia. Ulikuwa uongo, mkubwa kuliko ule wa ua, na safari hii pia hakuna mzee wa kilima aliyenishuku.

Nilijifunza hivi, na nilijifunza kwa kuchelewa: kusamehewa ni rahisi kupokea kuliko kuaminiwa tena. Aliyesamehewa aweza kujificha, akakaa karibu na mlango na kuitwa mnyenyekevu. Aliyeaminiwa tena hana pa kujificha. Amewekwa kazini mbele ya macho ya watu, kwa kiungo kilekile kilichoanguka. Ndiyo maana wengi wetu tunaupokea msamaha kwa machozi na kuikataa kazi kwa adabu. Mimi sasa sioni kama vitu hivyo vinatenganishwa. Anayetusamehe hatuachi tumesimama uani tukiwa tumeoshwa. Anatuingiza ndani na kutupa jembe.

Ilinichukua muda kufika hapo. Mama yako alianza kuugua, wewe ukaanza mafunzo ya uinjilisti. Siku moja nilimuuliza anataka nini, nikidhani atataja dawa au chakula. Akasema anataka nikae naye kanisani.

Jumapili ile nilipita benchi la mwisho nikatembea hadi mbele. Sijawahi kuliona kanisa letu kuwa refu vile. Mama yako hakugeuka. Nilipofika ubavuni pake alisema, kwa sauti iliyosikika hadi kwa wanakwaya, "Umechelewa. Sogea huko, usinikalie kitenge." Mkate ulipokuja nikaupokea. Ulikuwa mkavu kidogo. Niliutafuna polepole, naye alinishika kiwiko kama unavyomshika mtu anayevuka mto, na nilikuwa na furaha kuliko siku ya ndoa yetu. Tuliketi pamoja hivyo kwa Jumapili chache tu, kisha akalazwa, hakurudi. Tungeweza kuketi hivyo kwa miaka. Alikuwa amenisamehe na hilo pia kabla hajaondoka. Aliniambia waziwazi, kwa kuwa alijua bila hivyo ningerudi tena kwenye benchi langu kuombolezea. Kwa hiyo sikurudi. Ni kwa kumtii yeye unaniona kila Jumapili nikiketi mbele peke yangu.

Kwa Zakaria nilikwenda pia, kumwomba radhi kwa kukataa radhi yake. Alicheka hadi akakohoa. "Hii ni mpya," alisema. "Hii hata wazee wa kilima hawana sheria yake." Binti yake wa pili alipoposwa, mimi ndimi niliyeisemea nyumba ile. Nilikosea methali moja, wakwe wakanizomea kwa kicheko, nikaendelea.

Sasa niombe radhi kwako, maana hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Ulipokuja kutoka Giteranyi na kuketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, niligeuka nikakuona. Benchi lile ninalijua kama kitanda changu. Ningepaswa kushuka pale pale nikushike sikio. Badala yake, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni: mtoto amerithi kitu kizuri. Niliwaambia waliouliza, "Gaspari anajinyenyekeza." Nilikuacha ulime tangu asubuhi hadi jioni bila kuimba, wewe ambaye mama yako alikuwa akikuomba ukae kimya kidogo apate kusikia redio. Na Mama Furaha alipopiga simu mara ya kwanza, ukatikisa kichwa, mimi nilimwambia uko shambani, ilhali ulikuwa umesimama mbele yangu. Nilikufundisha kwa mfano wangu mambo niliyopaswa kukuonya. Naomba unisamehe, mwanangu. Nami nikisamehewa, naahidi nitakubali.

Wiki iliyopita alipopiga tena, sikusema uko shambani. Nilisema, "Yupo, Mama, lakini anaogopa." Ulikuwa umekwenda kukata majani ya mbuzi, hivyo hukuyasikia tuliyozungumza, na kwa adabu yangu ileile sikukusimulia. Nakusimulia sasa, jinsi alivyosema.

"Najua anaogopa, Baba," alinijibu. "Hata siku ile aliogopa. Mi pia niliogopa. Kwani mi ni jiwe?"

Nikamuuliza habari za mkono.

"Mukono ilipona. Inauma kidogo wakati wa mvua, njo inanikumbusha kuanua vitenge."

"Mama, niwie radhi kwa kuuliza. Je, umemsamehe?"

"Nilikasirika sana, Baba, siwezi kukudanganya. Nilimulaani mu Kiswahili, nikamulaani mu Kimashi ya mama yangu, nikaongeza na Kifaransa kidogo. Mungu akaniuliza, umemaliza? Nikamwambia, bado. Akangoja. Kila siku ananiuliza, nasema bado. Siku moja nikasema, haya, nimemaliza. Sasa mumwambie arudi, iko kazi."

Nilidhani anasema kazi ya kuhubiri. Hapana. Wamefika wanawake wengine kutoka kwao, na watoto, wanataka kuuza sokoni. Wakubwa wa soko wamesema watawapa nafasi ikiwa mwenyeji mwenye jina atasimama mbele ya watu na kusema anawajua. Mchungaji wa huko Giteranyi ni mzee, miguu haimfikishi tena sokoni.

"Mi nikataja Gaspari," alisema.

"Wakasemaje?"

"Walinicheka! Muzee mumoja akasema, 'Nani, yule? Yule ukimuuliza, atasema hata mama yake hamujui!' Soko yote ikacheka. Mi nikawaacha wacheke. Kisha nikawaambia: mutu mwengine akisema ananijua, ni salamu tu. Huyu akisema, mutasikia wote."

Hilo ndilo linalokungoja, Gaspari. Ujumbe wa mchungaji huyo ulikuambia "kurudi katika huduma", kwa lugha ya kanisa, nawe ukaona mimbari na macho ya watu. Mama Furaha anaona kitu kingine: wanawake waliokaa chini na vifurushi vyao, na kinywa kimoja ambacho soko lile halijasahau lilikisikia kikisema nini. Hajakuita uje kuadhibiwa. Wala hajakuita kana kwamba hapakutokea kitu. Amekuita kwa sababu ya kilichotokea.

Sina mengi ya kukushauri. Yule mzee wa soko ataurudia mzaha wake; mwache aumalize, na kama ni mzuri, cheka. Wako ambao hawatakusamehe mapema, nao wana haki ya kuchelewa, usiwabembeleze, usiwakimbie. Usiisimulie aibu yako kila unaposimama. Mimi nilifanya hivyo, nikagundua kuwa ilikuwa njia ya kutazamwa. Mwambie Mama Furaha, kwa maneno mafupi, yale uliyoshindwa kuyasema kwenye simu. Kisha muulize hao wanawake wanaitwa nani, ujifunze majina yao vizuri, pamoja na ya watoto. Na usijiongezee adhabu ambayo hakuna aliyekupa. Bwana wetu hapimi msamaha kwa kijiko. Nina hakika na jambo hili kuliko nilivyojifanya kuwa na hakika juu ya ule ua, na safari hii niliona kwa macho yangu.

Sitakupigia simu kesho kukuuliza umeshika njia gani. Hata ukienda Gasorwe, ukauza minyororo ya baiskeli mwezi mzima kwa woga, hutakuwa umeifunga njia ya Giteranyi. Baiskeli zipo, na miguu ipo. Bwana aliyeningoja mimi miaka yote ile hachoki upesi, naye ndiye anayekungoja wewe. Lakini mimi niliyengojewa nakuambia: kuna watu tuliowapenda ambao hawakuweza kungoja kama yeye, kwa sababu wao ni watu, na muda wao uliisha.

Kwa hiyo nakubariki usiku huu, ukiwa umelala au umejifanya umelala. Nakubariki kwa mkono uliowahi kuapa uongo na ukapewa tena mkate. Ni mkono huo tu nilio nao, na nimeacha kuuombea radhi.

Limebaki jambo moja dogo. Leo nilimpigia Mama Furaha, nikamwomba asijisumbue kuandaa chochote hadi utakapompigia simu kutoka Muyinga, maana sikutaka kumwahidi jambo nisilolijua. Alinikasirikia. "Ati nisikie kwanza njo nipike? Baba, mutu akirudi kwabo hawamuulizaka kama anakuja." Amekwisha kuloweka maharage.

Baba yako,
Nestori